Unataka Kusomea Mass Comm? Soma Hii Kabla Ujaze KUCCPS

Matokeo ya KCSE yametoka, umepata C+ yako safi ama zaidi, na potali ya KUCCPS imefunguliwa. Mmejazana juu ya simu moja: wewe, mathe, binamu yako mwenye alifika campo mbele yako, na jirani ambaye hakuna mtu alimwita. Mathe anataka ualimu. Binamu anasema kompyuta. Jirani anakucheki juu hadi chini halafu anaropoka: "Huyu ana mdomo. Apelekwe Mass Comm, tutamwona kwa TV." Watu wanacheka, na wewe kimoyomoyo unajua hiyo ndiyo umekuwa ukitaka tangu zile siku za kusoma habari paredi ya shule.

Ngoja kwanza, usibonyeze. Hiyo hadithi ya mdomo imepoteza wasee wengi. Digrii ya mawasiliano si digrii ya kuongea. Kwa ile miaka minne utaandika kuliko venye utaongea, na ndani ya hiyo kozi moja kuna kazi kama tano ambazo hazifanani. Mwenye hakuamua mapema anaelekea wapi hutoka na karatasi poa na picha kali za gauni, lakini akiulizwa "umefanya nini tuone?" anabaki kuangalia viatu. Leo tunakuchanua mambo ambayo hutayapata kwa broshua ya campo.

Hii kitu ni nini hasa

Simama pale Railways saa kumi na mbili jioni. Makanga wawili wa Rongai wanaita abiria, nauli ni ile ile, nganya zote mbili zina miziki na michoro. Moja inajaa, nyingine inabaki na watu wanne. Ukianza kujiuliza kwa nini, hapo umeanza kusoma mawasiliano.

Mwaka 1948 msomi wa Marekani, Harold Lasswell, aligawanya hiyo kazi kwa vipande vitano: msemaji, ujumbe, njia, msikilizaji, na matokeo. Huyo makanga ndiye msemaji, bei ndiyo ujumbe, sauti yake na ile michoro ndiyo njia, wewe umechoka na mvua inakuja ndiye msikilizaji, na matokeo ni wewe kupanda ama kukataa. Mwaka huo huo Claude Shannon, injinia wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, alikuwa anasumbuka na kelele kwenye waya, yaani kile kinachofanya ujumbe ufike ukiwa umeharibika. Lec wako atakuchorea hiyo picha ya mishale wiki ya pili, na utaiona tena kila semesta hadi uichoke.

Usiidharau nadharia lakini. Kuna utafiti wa McCombs na Shaw waliofanya wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 1968, katika mji wa Chapel Hill, wakauchapisha 1972. Walipata kwamba mambo ambayo vyombo vya habari viliyapa uzito ndiyo hayo wapiga kura waliyaona mazito. Sasa fikiria asubuhi ya Nairobi. Redio tatu zinaongelea kisa kimoja cha mapenzi, mtandaoni kisa ni hicho hicho, na hospitali ya kaunti haina dawa lakini hakuna mtu anaiongelea. Ni nani aliamua hivyo? Ukielewa hilo swali, hautawahi tena kuskiza redio kwa mat venye ulikuwa unaskiza.

Ama chukua Everett Rogers, ambaye kitabu chake cha 1962 kilieleza venye kitu kipya husambaa: wachache wenye kujaribu wanatangulia, kundi kubwa linafuata, na kuna wale hukubali mwisho kabisa. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, hakuna shosho aliamini pesa inaweza kukaa kwa simu. Mtu wa kazi Nairobi akatuma ya kwanza ocha, shosho akaenda kwa duka la ajenti, akapewa noti mkononi. Hiyo noti iliongea kuliko tangazo lolote. Kwa darasa hii inaitwa mawasiliano, na kuna watu wanalipwa mshahara mzuri kupanga vitu kama hivyo.

Majina ya kozi yatakuchanganya

Kwa potali hautapata jina moja. Utapata uanahabari na mawasiliano ya umma, mawasiliano na uhusiano mwema, mawasiliano na media, mawasiliano ya maendeleo, filamu, uchapishaji. Chuo kimoja kinaita hivi na kingine vile, na mara nyingine mwaka wa kwanza ni karibu kitu kimoja. Tofauti inakuja mwaka wa pili na wa tatu, na hapo ndipo watu hushtuka.

Uanahabari ni kutafuta habari, kuhakikisha, kuandika, kwenda hewani. Uhusiano mwema, ile watu huita PR, ni kulinda na kujenga jina la kampuni, kaunti ama shirika: taarifa kwa vyombo vya habari, hotuba ya bosi, na kujibu watu wakati mambo yamechafuka saa tano usiku. Matangazo ya biashara ni ubunifu wa kuuza. Filamu ni skripti, kamera, sauti na kuediti. Mawasiliano ya maendeleo ndiyo watu wengi hawaijui, nayo ni ile ya kubadilisha tabia: chanjo, kilimo, vyoo, pesa, afya ya akili.

Hii ya mwisho ina mfano wetu wenyewe. Shujaaz, ile komiki ya Sheng, ilianza 2010. Ilikuwa inaingizwa ndani ya gazeti na kupatikana kwa maajenti wa M-Pesa, na redio ikawa inabeba stori zile zile kupitia jamaa wa kubuni anaitwa Boyie, anayerusha matangazo kisiri kutoka chumbani kwake. Ndani ya stori unapata maarifa, kama ile ya kupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kama chakula. Ilishinda tuzo ya Emmy ya kimataifa 2012 na ikarudia 2014. Hakuna aliyekuwa anahubiria mtu, walikuwa wanapiga stori kwa lugha ya mtaa. Kama hiyo inakubamba kuliko kusoma habari ya saa tatu, basi tafuta kozi yenye hiyo sehemu, usiingie ya utangazaji juu ya jirani.

Na tahadhari moja ndogo: uhandisi wa mawasiliano ya simu si hii. Hiyo ni hesabu na fizikia hadi unalia. Soma jina lote kabla ya kubonyeza.

Kuingia

Digrii inaanzia C+ ya jumla. Halafu kuna pointi za klasta, ambazo zinahesabiwa kwa masomo manne na kilele ni 48. Kozi nyingi za mawasiliano zinataka uwe umefanya vizuri Kiingereza au Kiswahili, lakini kila chuo kina masharti yake kwa ukurasa wa kozi kwenye potali, na pia utaona pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka uliopita. Hizo zinakupea picha, si ahadi.

Kama ulikosa C+, hujaishiwa. Diploma inaanzia C-, na kwa hii fani diploma si aibu hata kidogo. KIMC, Kenya Institute of Mass Communication, iko tangu 1961 na ilianza kwa kufunza mafundi wa redio. Ni kitambo hata kabla University of Nairobi haijafungua shule yake ya uanahabari mwaka 1970. Kuna wasee wa diploma wanashika kamera na kuediti sauti vizuri kuliko mtu wa digrii aliyesoma kamera kwa ubao. Ukimaliza, unaweza kuendelea hadi digrii, na vyuo vingine vinakupunguzia yuniti ulizofanya.

Kuhusu doo: kuanzia 2023 pesa ya serikali inagawanywa kwa kuangalia hali ya familia, sehemu ikiwa ufadhili, sehemu mkopo wa HELB, na sehemu nyumbani. Huo mfumo umepelekwa hadi kortini, kwa hivyo cheki mambo yalivyo mwaka wako, usitegemee stori ya binamu. Ukienda chuo cha kibinafsi kama Daystar ama USIU, piga hesabu ya kulipa nyinyi wenyewe na mkopo. Daystar ina jina kubwa kwa mawasiliano, na ina redio yake, Shine FM. Lakini jina halikulipii karo, na mathe akiuza shamba ili wewe uonekane kwa TV, hiyo ni presha utaibeba hadi siku ya graduesheni.

Miaka minne inaendaje

Mwaka wa kwanza utaboeka. Kuna zile yuniti za kila mtu, za ustadi wa mawasiliano, kompyuta, HIV, kufikiri kwa kina, na utangulizi wa kila kitu. Mmejaa ukumbi mzima, lec ako mbali kama ameketi kaunti nyingine. Wengi hapa ndipo huanza kuingia mitini, wanangoja "vitu vya maana." Makosa. Huu ndio mwaka uko na muda mwingi kuliko yote itakayofuata.

Mwaka wa pili kazi inaanza. Kuandika habari, picha, redio, sheria. Hapa lazima niongee kidogo kuhusu kuandika, juu ndiyo inachuja watu. Utapewa zoezi kama hili: mtaani kulikuwa na mkutano wa wakazi na kampuni ya maji. Wanafunzi tisa kati ya kumi wataanza hivi: "Mkutano wa wakazi ulifanyika jana katika ukumbi wa kijamii ambapo mambo mengi yalijadiliwa." Lec atachora mstari mwekundu wote. Mkutano kufanyika si habari. Habari ni: "Wakazi wataanza kununua maji kwa mitungi kuanzia Jumatatu baada ya kampuni kusema itafunga mifereji kwa wiki mbili." Lile jambo zito linakaa juu, mengine yanafuata kwa uzito wake, ndiyo mtu akisoma sentensi moja kwa stegi awe amepata kitu. Inaonekana rahisi. Utaikosea mara thelathini.

Na hii inafanya kazi kwa Kiswahili na Kiingereza. Ukweli usiosemwa ni kwamba wengi wetu tumekwama katikati: Kiingereza cha kubahatisha, Kiswahili cha kubahatisha, Sheng ndiyo safi. Sheng ina soko lake, Ghetto Radio iliijengea nyumba, lakini mwajiri mwingi atataka moja ya zile mbili iwe imenyooka. Mwenye anaandika Kiswahili sanifu bila kutafuta maneno hakosi kazi za tafsiri na skripti. Wako wachache kuliko unavyofikiria.

Sheria, ile yuniti watu hulalia

Sijui kwa nini wasee huenda kwa hii darasa na mto. Hii ndiyo itakuokoa. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inakupa uhuru wa kujieleza, lakini hapo hapo inasema uhuru huo haufiki kwa uchochezi na matamshi ya chuki. Kifungu cha 34 kinalinda vyombo vya habari. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali, na kuna sheria ya 2016 inayoeleza utaziombaje. Wanahabari wachache sana huitumia.

Februari 2017 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha kushtaki mtu kijinai kwa kuharibia mwingine jina ni kinyume cha Katiba. Usishangilie sana. Bado mtu anaweza kukupeleka korti kudai fidia, na fidia ni fidia hata kama ulikuwa tu unarudia kitu ulisoma kwa grupu.

Halafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Shule moja ikapigwa 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila wazazi kukubali. Sasa jiulize: hizo akaunti za klabu na shule hushikwa na nani? Ni wewe, kijana wa mawasiliano, umeajiriwa miezi miwili imepita, umeambiwa "tafuta picha moto moto uweke."

Na kama unafikiri maiki ni mchezo, kumbuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Redio zililaumiwa kwa kuchochea watu, na mtangazaji mmoja wa redio alijikuta mbele ya ICC kule The Hague hadi kesi ikasitishwa Aprili 2016 bila yeye kupatikana na hatia. Miaka ya maisha ya mtu.

Atachmenti

Kuna kitu kinaitwa atachmenti, kawaida miezi miwili au mitatu, mara nyingi mwaka wa tatu. Chuo kinakupa barua, bima na kitabu cha kujaza kila siku ulifanya nini. Mhadhiri anakuja kukuona. Mara nyingi hulipwi kitu, nauli ni yako, chakula ni chako. Kwa hivyo weka akiba kuanzia semesta mbili kabla, ama tafuta mahali karibu na nyumbani.

Kila mtu anataka stesheni kubwa za TV. Mimi nakuambia hapana. Kule mko vijana kumi na tano mnapigania kubeba tripodi. Redio ndogo ya kaunti, gazeti la mtandaoni, ofisi ya mawasiliano ya kaunti, hospitali kubwa, hapo wako na upungufu wa watu na utapewa kazi ya kweli wiki ya kwanza. Kazi ya kweli ndiyo inakufunza, na pia ndiyo inakuchoma.

Mimi nilipiga yangu kwa redio fulani. Wiki mbili za chai na kuchapisha karatasi, halafu jioni moja hakuna ripota, ajali imetokea barabarani na taarifa ya saa moja inakaribia. Mhariri akanipea namba ya polisi. Nikapiga, nikaandika majina ya waliofariki venye nilivyoyaskia, nikapeleka studio. Nilijiona mkubwa. Kesho yake asubuhi simu ikaingia, dada wa mmoja wao. Hakufoka. Alisema tu kwamba niliandika jina la kaka yake vibaya, kwamba mama yao alikuwa ameketi na redio akingoja kuliskia, na likasomwa jina la mtu mwingine. Akauliza kama tunaweza kulisoma tena vizuri. Tulilisoma saa saba. Yaani kumwambia yule afisa "nitajie herufi moja moja" ingechukua sekunde kumi. Nilikuwa nimefundishwa hivyo darasani, na hata CAT niliipita.

Kazi ziko wapi, bila kudanganyana

Vyumba vya habari vimepungua. Utaskia wanahabari wamefutwa huku, wamepunguzwa mshahara kule, wengine wanakaa miezi bila kulipwa. Sababu kubwa si siri: matangazo ya biashara, ambayo ndiyo yalikuwa yanalipa hiyo mishahara, yamehamia Google, Facebook na TikTok. Kabla ya hapo ilikuwa raha. KTN ilikuja 1990 kama TV ya kwanza ya kibinafsi, Capital FM ikafungua njia ya redio za kibinafsi 1996, Kameme ikaleta redio ya lugha ya mama 2000, na kila stesheni ilikuwa inatafuta watu. Wakati TV zilihama analogi kwenda dijitali 2015, chaneli ziliongezeka lakini ile keki ya matangazo haikuongezeka nazo.

Kuna lingine linauma. Utamaliza miaka minne, halafu ile shoo ya asubuhi ipewe mchekeshaji ama mtu wa TikTok mwenye wafuasi milioni. Hana digrii. Usikasirike sana, stesheni inanunua wale wafuasi. Lakini angalia nyuma ya kioo cha studio: kuna prodyusa, kuna mtu wa kuandika, wa kupanga wageni, wa kujua ni wapi sheria inavunjika. Hao wengi wamesoma, na huwa hawabadilishwi kila msimu kama mtangazaji.

Nje ya habari ndiko kuna nafasi ambazo watu hawazioni. Kaunti ziko 47, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina sehemu nzima inayohusu mawasiliano na wananchi. Kuna SACCO, hospitali, vyuo, makanisa makubwa, mashirika ya misaada, ofisi za UN pale Gigiri, kampuni za matangazo, kampuni za kutengeneza vipindi kama zile zinazotuletea Shamba Shape Up. Wote wanataka mtu anayeweza kuandika ukurasa mmoja ukaeleweka, kupiga picha ikatumika, na kushika akaunti bila kuleta kesi. Ukitaka PR, kuna chama cha wataalamu, PRSK, kiko tangu 1971 na kinachukua wanafunzi. Ukitaka uanahabari, Baraza la Vyombo vya Habari ndilo hutoa ile kadi ya kazi, na hata mwanafunzi anaweza kuomba yake. Chukua mapema. Bila kadi, askari wa geti la mkutano hajui wewe ni nani.

Kuchagua campo

Usiulize gani ina jina. Uliza kama studio inafanya kazi ama imefungwa na kufuli tangu mwaka juzi. Uliza kamera ziko ngapi kwa wanafunzi wangapi. Uliza kama kuna redio ya chuo na ni nani huwa hewani, wanafunzi ama wafanyakazi. Maseno inachanganya media na IT, Multimedia University pale Mbagathi ilitoka kwa chuo cha mafundi wa posta na simu, Moi ina historia ya uchapishaji. Kila moja ina ladha yake. Majibu ya kweli hayako ofisini, yako kwa comrade wa mwaka wa nne anayekula chapo dondo nje ya geti. Mnunulie chai, atasema yote.

Vifaa si lazima viwe vya kutisha. Simu yenye kamera fiti, maiki ya kola, na laptop hata ya mkono wa pili kutoka Tao inatosha kuanza. Ile kamera kubwa ya laki na kitu unaweza kuazima chuoni ama kukodisha siku ya kazi. Kitu cha maana ni kuwe na mahali kazi zako zinakaa: folda moja, ukurasa mmoja, chaneli moja, yenye stori, picha na sauti ulizofanya tangu mwaka wa kwanza. Mwajiri akiuliza, unatuma linki moja. Hiyo ndiyo inakutofautisha na yule mnayetoka naye darasa moja na gredi moja.

Ukikosea kuchagua, kuna nafasi ya kurekebisha machaguo kabla ya uteuzi, na baada ya kupangiwa kuna dirisha la kuomba kuhama chuo ama kozi. Yote yana tarehe, na tarehe ikipita hakuna kubembeleza.

Lakini kabla ya kujaza, jaribu hivi leo jioni. Tafuta jambo moja la mtaani kwenu, taka hazijachukuliwa, bei ya maji imepanda, timu ya mtaa imefika fainali. Ongea na watu watatu, mmoja wao awe mwenye hakubaliani na wengine. Waulize majina yao herufi moja moja. Andika maneno mia tatu, jambo zito likiwa juu. Mpe mathe asome. Akikuuliza swali ambalo stori yako haikujibu, rudi nje ukalitafute jibu. Kama unarudi nje ukiwa na hamu, jaza hiyo kozi. Kama unaskia uvivu na unawaza tu venye utakaa kwa kamera, mskize mathe kuhusu ualimu.